Puerto Rico: raia kamili, anwani pungufu

Chukua raia wa Marekani aliyejiandikisha kupiga kura Texas. Akihamia Dar es Salaam, sheria ya 1986 ya wapiga kura walio ng'ambo inamwezesha kuendelea kumchagua rais kwa karatasi anayotumiwa kutoka Texas. Akihamia San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani bila kuwa jimbo, haki hiyo inakatika. Pasipoti ni ileile. Na mzaliwa wa Ponce, mji mwingine wa kisiwa hicho, akihamia Orlando jimboni Florida na kujiandikisha huko, anamchagua rais kama jirani yake yeyote. Ndiyo maana sipendi kusema Wapuerto Rico ni "raia wa daraja la pili". Upungufu umo kwenye ardhi, na humshika yeyote anayehamia juu yake.

Mzizi wake ni machungwa. Hispania iliikabidhi Marekani kisiwa hicho kwa Mkataba wa Paris wa 1898. Muda si mrefu shehena ya machungwa kutoka kisiwani ikafika bandari ya New York, forodha ikatoza dola 659.35. Mwagizaji alilipa, kisha akashtaki: kama Puerto Rico ni Marekani, ushuru huu ni wa nini? Mwaka 1901, katika kesi ya Downes dhidi ya Bidwell, Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 4. Kisiwa, ilisema, ni mali ya Marekani bila kuwa sehemu yake kwa kila jambo la katiba. Hukumu hiyo haijafutwa hadi leo.

Uraia wa Marekani ulikuja 1917, katiba ya kisiwa 1952. Jina rasmi, Estado Libre Asociado, lina maneno "dola" (yaani nchi), "huru" na "shirikishi", na wengi waliamini ni mapatano ya pande mbili. Juni 2016 likaonekana lilivyo. Waendesha mashtaka wa kisiwa na wa serikali kuu walitaka kumshtaki mtu yuleyule kwa kuuza silaha ileile. Mahakama ya Juu ikakataa, kwa kuwa mamlaka ya wote wawili yanatoka chemchemi moja, yaani Bunge la Washington. Mwezi huohuo Bunge hilo likapitisha sheria ya PROMESA na kuunda bodi ya watu 7 ya kusimamia fedha, yenye uwezo wa kuikataa bajeti ya kisiwa. Gavana huketi humo bila kura. Watu huiita *la Junta*, na hawaiiti hivyo kwa mapenzi.

Kwenye mfuko wa mtu mambo yamechanganyika. Mapato ambayo mkazi anayachuma kisiwani kwa kawaida hayatozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, ila makato ya hifadhi ya jamii yapo palepale. Lakini posho ya SSI, ya wazee na walemavu maskini, haivuki bahari. Mlemavu mmoja aliyehama kutoka New York mwaka 2013 aliendelea kuipokea. Serikali ikamdai zaidi ya dola 28,000. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliipa serikali ushindi kwa kura 8 dhidi ya 1. Aliyepinga ni Jaji Sonia Sotomayor, ambaye wazazi wake walizaliwa Puerto Rico.

Bungeni kisiwa kina Kamishna Mkazi mmoja: anapiga kura kwenye kamati, lakini si katika kupitisha muswada ukumbini.

Sasa kura za maoni kuhusu hadhi ya kisiwa, ikiwemo kuwa jimbo la Marekani, ambazo wageni husoma vibaya kila mara. Usiangalie asilimia kabla ya kuangalia karatasi. Mwaka 1998 kundi la "hakuna kati ya haya" lilishinda kwa asilimia 50.3. Mwaka 2012 vichwa vya habari vilisema asilimia 61 wanataka kuwa jimbo, lakini karibu karatasi 500,000 ziliachwa tupu kwenye swali hilo. Ukizihesabu, inashuka hadi takriban 44. Mwaka 2017 ikawa asilimia 97, kwa kuwa wapinzani walisusa na waliojitokeza walikuwa asilimia 23 tu. Ya 2020, swali moja la ndiyo au hapana, ndiyo safi kuliko zote: asilimia 52.5 walikubali kuwa jimbo.

Hakuna hata moja iliyoibana Washington. Kuingiza jimbo jipya ni kazi ya Bunge chini ya Ibara ya 4 ya katiba, na Ibara hiyo haiweki tarehe ya mwisho.