Tarehe na maandishi ya tarehe: dhana zinazotugharimu

Ninatunza hifadhidata ya ofisi ya uwakala wa mizigo hapa Mombasa, karibu na bandari ya Kilindini. Kila kontena kwetu lina tarehe zake: meli ilipotia nanga, mzigo uliposhushwa, siku ya mwisho ya kukaa bila malipo ya hifadhi. Tarehe hizo zikikosewa, mwenye mzigo ndiye anayelipa, na hilo linaniuma.

Dhana: tarehe ni tarehe, hata ikigeuzwa maandishi.

Ikishageuzwa, hifadhidata haioni tena siku, inaona alama tu, na huzipanga kama kamusi inavyopanga maneno. Niliwahi kuombwa orodha ya makontena, la zamani zaidi likae juu. Ili isomeke vizuri niliandika hivi, TO_CHAR ikiwa ndiyo inayogeuza tarehe kuwa maandishi ya siku (DD), mwezi (MM) na mwaka (YYYY), na ORDER BY ndiyo inayopanga:

SELECT namba, TO_CHAR(tarehe, 'DD/MM/YYYY') AS tarehe FROM makontena ORDER BY tarehe;

Ikatoka 02/12/2023, kisha 15/11/2023, kisha 28/10/2023. Kontena la Oktoba, lililohitaji kutolewa kwanza, likawa mkiani. Kwiri, yaani ombi hilo kwa hifadhidata, haikulalamika hata kidogo. Tatizo ni lile jina nililoipa safu mpya: lilifanana na la safu halisi, na PostgreSQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, ikikuta jina la namna hiyo kwenye ORDER BY huchukua lile la matokeo, yaani maandishi. MySQL, programu nyingine ya aina hiyo, nayo hufanya hivyo hivyo. Sasa safu ya kusomwa naiita tarehe_ya_kusoma, na kupanga napanga kwa tarehe yenyewe.

Ikiwa huna budi kupanga maandishi, yaandike 2023-10-28: mwaka, mwezi, siku. Ndio mpangilio wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe kilichotolewa mwaka 1988, na ndani yake mpangilio wa alama na wa siku ni mmoja. Pia unaondoa utata wa 03/04/2024, ambayo kwetu ni tarehe 3 Aprili lakini kwenye hati iliyoandikwa Marekani ni Machi 4.

Dhana: MM ni dakika ikikaa baada ya saa.

Katika TO_CHAR, iwe ya Oracle (nayo ni programu ya hifadhidata) au PostgreSQL, MM ni mwezi popote inapokaa. Dakika ni MI. Ukiona malori yote ya Novemba yameingia getini dakika ya 11, umeandika HH24:MM. MySQL ina zake: ndani ya DATE_FORMAT, inayofanya kazi kama ya TO_CHAR, %m ni namba ya mwezi, %M ni jina lake, %i ndiyo dakika.

Dhana: kuchuja kwa maandishi hakuna hasara, mradi jibu ni sahihi.

Jibu laweza kuwa sahihi, lakini sharti la kuchuja WHERE TO_CHAR(tarehe, 'YYYY-MM') = '2023-11' huilazimisha hifadhidata kugeuza kila mstari kabla ya kulinganisha, na faharasa ya kawaida (ile inayoharakisha utafutaji) uliyoiweka kwenye safu hiyo haisaidii. Andika tarehe >= '2023-11-01' AND tarehe < '2023-12-01'. Alama ya < ina maana yake: safu ikiwa na saa ndani, ukiishia kwa <= '2023-11-30' unapoteza karibu siku nzima ya tarehe 30.

Dhana: saa iliyo kwenye seva ndiyo saa yetu.

Seva nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, nasi tuko saa tatu mbele. Bandari hailali: lori likitoka saa nane usiku wa kuamkia Desemba 1, kwa UTC bado ni 23:00, Novemba 30. Ukigeuza maandishi hapo, mzigo umeshahama mwezi kwenye ripoti. Kwa safu ya timestamptz katika PostgreSQL, yaani aina ya safu inayozingatia ukanda wa saa, hamisha saa kwanza, ugeuze baadaye: TO_CHAR(wakati AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi', 'DD/MM/YYYY HH24:MI'). Lori hilo litasomeka 01/12/2023 02:00, na karani wa getini ataitambua saa nane yake.