Joto la ncha ya katheta na joto la moyo: dhana potofu na ukweli

Mapigo ya moyo yanapokwenda mrama kwa sababu ya kijisehemu cha msuli kinachotoa au kupitisha umeme pasipostahili, daktari anaweza kuingiza katheta, yaani mrija mwembamba wenye ncha ya chuma, kupitia mshipa wa damu hadi moyoni na kukiua kijisehemu hicho kwa joto linalotokana na mkondo wa mawimbi ya redio. Msuli wa moyo hufa ukifikia takribani nyuzi 50 za Selsiasi. Majaribio ya mwaka 1993 kwenye vipande vya msuli wa moyo wa simbilisi yalionyesha kuwa joto likiwa pungufu kidogo ya hapo, seli huweza kuzimika kwa muda tu, kisha zikaamka. Mpaka wa juu ni nyuzi 100, ambapo maji yaliyomo ndani ya tishu huanza kuchemka. Kazi yote hufanyika kati ya namba hizo mbili, na kwa hiyo kukosea kuhusu kinachopimwa si kosa dogo.

Dhana: Ncha ya katheta hupashwa moto, nayo huunguza moyo.

Wengi huiona katheta kama pasi ndogo, lakini sivyo inavyofanya kazi. Mkondo wenye marudio ya takribani kilohezi 500 hutoka kwenye ncha, hupita mwilini, na kurudi kwenye mashine kupitia bamba lililobandikwa juu ya ngozi, mara nyingi mgongoni au pajani. Tishu ina ukinzani (yaani huzuia mkondo wa umeme) mkubwa kuliko chuma cha ncha, na ndiyo inayopata moto, hasa ile iliyo ndani ya milimita moja au mbili kutoka kwenye ncha. Tishu za ndani zaidi hupokea joto kutoka kwa hizo zilizotangulia. Chuma chenyewe hupashwa na tishu kinayoigusa. Kihisi joto kimefungwa ndani ya chuma hicho, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Dhana: Namba ya joto kwenye skrini ya mashine ni joto la tishu.

Hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote, nami naona jina lenyewe linachangia: skrini imeandikwa «joto», na msomaji hujazia mwenyewe «la moyo». Namba ile ni joto la chuma kilichoshikwa na tishu upande mmoja huku kikipozwa na damu upande mwingine. Katheta ikikandamizwa vizuri ukutani, namba hukaribia joto la tishu, ingawa hubaki chini yake. Damu ikipita kwa kasi, au katheta ikilala ubavu hivi kwamba kihisi kinaelekea kwenye damu, tofauti hupanuka bila skrini kutoa dalili yoyote. Kwa sababu hiyo katheta zisizopozwa kwa maji huwekewa lengo la nyuzi 60 hadi 65 hivi, mbali kabisa na 100, kwa kuwa ndani ya tishu kuna joto zaidi ya linaloonekana.

Kwa katheta zinazotoa maji ya chumvi kupitia vitundu vya ncha, mara nyingi mililita 17 hadi 30 kwa dakika, namba hiyo hupotoka zaidi. Maji huzuia damu kuganda na kuungulia kwenye chuma, hivyo nguvu kubwa zaidi inaweza kutumika, lakini yanapoza pia kihisi. Katika jaribio la mwaka 1995 lililofanywa kwenye msuli wa paja la mbwa, ncha iliyopozwa ilibaki chini ya nyuzi 50 ilhali kina cha milimita 3.5 kilivuka nyuzi 90. Ni sawa na kumpima mgonjwa homa huku kipimajoto kimezamishwa kwenye glasi ya maji baridi.

Dhana: Basi daktari anafanya kazi gizani.

La hasha. Tishu inapopata moto, ayoni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hutembea kwa wepesi zaidi na ukinzani wa umeme hushuka. Ukinzani ukianza kwenye omu 130 na kushuka hadi 118 katika sekunde za mwanzo, tishu inapata joto, hata kama skrini inaonyesha nyuzi 39. Usiposhuka kabisa, huenda ncha haijagusa ukuta. Ukipanda ghafla, kuna kuchemka au damu iliyoganda kwenye ncha. Hata hivyo ishara hii nayo ina mipaka: mvuke unaweza kujikusanya chini ya uso na kupasuka kwa mlio mfupi, «po!», bila onyo lolote. Ndiyo sababu husomwa pamoja na nguvu kwa wati, mgandamizo kwa gramu na muda. Kielelezo kimoja kinachotumika sana kukadiria kina cha kovu linaloachwa na joto hujumuisha mgandamizo, muda na nguvu, na hakina joto ndani yake.

Dhana: Umeme ukizimwa, joto hukoma papo hapo.

Uso hupoa haraka kwa sababu ya damu, lakini joto lililokwisha kuingia huendelea kusafiri, na tishu za kina zinaweza kuzidi kupanda joto kwa sekunde kadhaa.

Dhana: Kipimajoto kwenye umio ni kinga tosha.

Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hupita nyuma tu ya chemba ya juu ya kushoto ya moyo, ambayo ukuta wake hapo una unene wa milimita chache. Kipimajoto hukaa ndani ya uwazi wa umio, wakati upande unaoungua ni wa nje. Pia huenda kimekaa kando ya mahali penyewe. Kwa hiyo namba huchelewa na huwa pungufu. Kusimama inapofika nyuzi 38 au 39 ni tahadhari yenye maana, lakini tundu kati ya moyo na umio, ambalo ni nadra na huua, linaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye.

Dhana: Katheta mpya zimemaliza tatizo.

Zipo zenye vihisi sita karibu kabisa na uso wa ncha, ambazo husoma joto kwa ukweli zaidi na kuruhusu wati 90 kwa sekunde 4. Bado zinasoma uso. Upimaji wa joto la kina kwa picha za sumaku (MRI) unawezekana, kwa kuwa ishara ya maji hubadilika kadiri ya joto, ila moyo unaodunda na kifua kinachopumua huisogeza picha kabla haijasomwa.