Je, Wajua Kwa Nini Diski Mpya Haiwaki Hata Ukinakili Kila Faili ya Windows?

Nilichomeka SSD mpya pembeni ya diski ya zamani, nikafungua C, nikachagua vyote, nikanakili, nikabandika. Kila kompyuta iliponiambia kuna faili isiyofunguka, nilibofya "ruka". Kazi ilipoisha nikaitoa ya zamani, nikaiweka mpya mahali pake na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe: hakuna diski ya kuwashia. Niliichukua diski ile nikaikagua kwenye kompyuta nyingine. Folda ya Windows imo. Program Files imo. Users imo, pamoja na picha zangu zote. Kila kitu nilichokijua kwa jina kilikuwa kimehama, na bado kompyuta iliiona diski kama gogo.

Wengi wamefika hapo, na wengi wameishia kuamini kwamba wameuziwa diski mbovu. Diski ni nzima. Tatizo ni kwamba mfumo endeshi si faili peke yake. Ni faili pamoja na mahali zilipokaa kwenye diski, pamoja na vitambulisho ambavyo sehemu moja hutumia kuitafuta nyingine. Kunakili na kubandika huchukua faili na kuyaacha hayo mengine nyuma.

Hebu tuitazame sekunde ya kwanza baada ya kubonyeza kitufe, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kompyuta inapopata umeme haijui Windows ni nini. Haijui hata folda ni nini. Inachokijua ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta: BIOS kwenye mashine za zamani, UEFI kwenye za sasa. BIOS haitafuti faili. Inaisoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512 tu, inaipandisha kwenye kumbukumbu na kuanza kuitekeleza bila kuuliza. Ndani ya baiti hizo, 446 za mwanzo ni maagizo ya kuwashia, 64 zinazofuata ni jedwali linaloonyesha diski imegawanywaje, na 2 za mwisho ni muhuri, 55 na AA, wa kuthibitisha kwamba sekta hii ni ya kuwashia kweli. Mpangilio huu ulikuja mwaka 1983 na PC DOS 2.0, wakati IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC XT yenye diski ndani. Aya hii unayoisoma ina herufi nyingi kuliko nafasi yote ya sekta ile.

Sasa sekta hiyo haimo ndani ya folda yoyote. Haimo hata ndani ya C. Imekaa nje, kabla ya patisheni ya kwanza (yaani kipande cha diski kilichotengwa, kama C) kuanza, mahali ambapo dirisha la kunakilia faili halipaoni kabisa. Unaweza kuchagua vyote mara kumi na haitakuwemo. Kweli, Windows huandika sekta kama hiyo unapoiandaa diski mpya kwa mtindo wa zamani, lakini jedwali lake lazima liweke alama kwenye patisheni moja kuonyesha kwamba ndiyo ya kuwashia, na alama hiyo haijiweki yenyewe.

UEFI ina akili zaidi kidogo. Inaweza kusoma faili, ila si za Windows moja kwa moja. Inatafuta patisheni ndogo iliyofomatiwa kwa FAT32 (mtindo wa zamani wa kupanga faili), ambayo kwenye kompyuta nyingi za Windows ina ukubwa wa megabaiti 100 hivi. Haina herufi kama C au D, kwa hiyo huioni ukifungua orodha ya diski. Ndani yake, kwenye \EFI\Microsoft\Boot, kuna faili iitwayo bootmgfw.efi, na hiyo ndiyo inayoiamsha Windows. Mazabodi nayo ina kumbukumbu yake ndogo ilikoandika kwamba faili ya kuwashia iko kwenye patisheni fulani, na patisheni hiyo haitajwi kwa jina bali kwa kitambulisho kirefu cha biti 128. Diski mpya ikija na kitambulisho kingine, mazabodi inaangalia, haioni inachokitafuta, inapita. Kimbilio lake la mwisho ni kutafuta faili yenye jina la jumla, \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Mimi nilikuwa nimenakili C peke yake, kwa hiyo hata hiyo haikuwepo.

Tuseme umelivuka hilo. Bootmgfw ikishaamka hufungua daftari lake dogo linaloitwa BCD, ambamo imeandikwa Windows iko diski ipi na patisheni ipi. Hapo pia ni kwa vitambulisho. Kwa mtu, C ni C. Kwa BCD, C ya diski ile na C ya diski hii ni vitu viwili visivyojuana.

Ndani ya Windows yenyewe kuna hasara nyingine ambazo hazionekani kwa macho, na kwangu mimi hizi ndizo mbaya zaidi kwa sababu ukizitazama folda huwezi kuzitambua. Zile faili nilizoruka hazikuwa takataka. Rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yote ya mfumo na programu, hukaa kwenye faili chache ndani ya System32\config, na mfumo ukiwa unafanya kazi faili hizo zimeshikiliwa. Kuziruka ni kuhamisha mwili ukaacha ubongo. Kisha kuna ruhusa: kila faili imeandikwa nani anaweza kuisoma na nani kuibadilisha, na ukinakili kwa njia ya kawaida nakala huchukua ruhusa za folda inakotua, si za ilikotoka. Huduma iliyozoea kufungua faili fulani inafika na kukuta imefungiwa mlango.

Halafu kuna faili zenye majina mawili. Kwenye diski za NTFS, mtindo wa kupanga faili unaotumiwa na Windows, faili moja inaweza kuonekana kwenye folda mbili tofauti ilhali data yake ni ile ile, imeandikwa mara moja tu. Folda ya WinSxS imejaa faili za namna hiyo. Dirisha la kunakilia halilijui hilo. Linaona majina mawili, linaandika faili mbili. Kuanzia hapo kiungo kimekatika: Windows ikisasisha moja, nyingine inabaki ya zamani. Ndiyo maana pia nakala huweza kuonekana kubwa kuliko ilivyotarajiwa.

Programu zina kisa chao. Watu huuliza kwa nini wasiweke Windows mpya kwenye SSD kisha wakaburuta Program Files kutoka diski ya zamani. Programu ndogo zisizohitaji kusakinishwa zitakubali, na ni raha zinapokubali. Nyingi zitagoma, kwa sababu siku ya kusakinishwa programu haikukaa kwenye folda yake peke yake. Iliandika mamia ya mistari kwenye rejista, ikaweka mipangilio yako kwenye AppData, vifaa vya pamoja kwenye ProgramData, pengine na huduma inayoamka pamoja na mfumo. Windows mpya haina habari na hayo yote.

Je, wale wanaofanikiwa hufanyaje? Hukloni. Programu ya kukloni haishughuliki na majina ya faili. Inashuka chini yake, inaisoma diski kama mfululizo wa sekta kuanzia ya kwanza kabisa, na kuiandika upya kwenye diski nyingine vile vile ilivyo: sekta ya kuwashia, jedwali, patisheni iliyofichwa, ruhusa, viungo na vitambulisho vyote. Zile zenye ujanja zaidi, Clonezilla ikiwa mojawapo, huruka sehemu zisizo na data ili kuokoa muda. Ukiwa na gigabaiti 200 za data na diski ya zamani inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde, hesabu inakupa sekunde 2,000, dakika 33 na ushei. Baadhi ya programu hizi hukloni Windows ikiwa imewaka, kwa msaada wa huduma ya Windows inayopiga picha ya diski kwa nukta moja ya wakati na kuiacha mashine iendelee na kazi. Kwa hiyo hata faili zilizoshikiliwa hunakiliwa salama.

Kunakili vitambulisho ndiko kunakoifanya kloni iwake, na huko huko kuna mtego. Ukimaliza unakuwa na diski mbili zenye kitambulisho kimoja, na Windows haikubali hali hiyo: ikiziona zote mbili kwa pamoja huizima moja. Mara ya kwanza kuiwasha kloni, chomoa diski ya zamani. Usiiache ndani "kwa muda tu". Watu wamewahi kutumia kompyuta wiki nzima wakidhani wako kwenye SSD, kumbe mfumo unaendelea kuamka kutoka diski ile ile ya zamani.

Ukubwa nao huwachanganya wengi. Diski iliyoandikwa terabaiti 1 inaonekana kwenye Windows kama gigabaiti 931. Hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Lakini diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani hata kwa sekta chache, kloni ya sekta kwa sekta haitakubali, na itabidi uipunguze C kwanza. Ikiwa kubwa, nafasi ya ziada inabaki mwishoni bila kutumika, na mara nyingi patisheni ya kurekebishia Windows imekaa katikati, kati ya C na nafasi hiyo, kwa hiyo C haiwezi kutanuka mpaka hiyo isogezwe.

Kuna wanaokloni kila kitu sawasawa, Windows ikaonyesha nembo yake, kisha skrini ya bluu yenye neno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hii hutokea hasa unapotoka diski ya SATA kwenda ya NVMe, njia mbili tofauti za kuunganisha diski na kompyuta. Windows huamsha mapema draiva (programu za kuendeshea vifaa) za diski inayoijua tu. Draiva ya aina mpya imelala wakati inahitajika kuliko zote. Mara nyingi kuiwasha Windows mara moja katika hali salama (Safe Mode) kunatosha kuiamsha.

Linux, mfumo endeshi mwingine, ina uvumilivu zaidi, na napenda kuitaja kwa sababu inaonyesha tatizo lilivyo bila pazia. Huko unaweza kweli kuhamisha mfumo kwa kunakili faili, mradi utumie rsync, amri ya kunakilia, kwa namna inayotunza ruhusa na viungo. Kisha unafungua faili ya maandishi ya /etc/fstab, unauona mstari unaoanza na UUID ukifuatiwa na alama 36 za kitambulisho cha patisheni ya zamani, unazifuta na kuandika za mpya. Ukishamaliza unasakinisha GRUB, programu ya kuiwashia Linux, kwenye diski mpya na kuiacha isome vitambulisho upya. Mambo ni yale yale yanayoikwamisha Windows; tofauti ni kwamba hapa unayashika kwa mkono.

Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, tafuta ufunguo wake wa kurejeshea, ule wa tarakimu 48, kabla hujagusa bisibisi, na uisimamishe BitLocker kwa muda. Kompyuta ikiona mabadiliko inaweza kuuomba ufunguo huo, na bila huo data haifunguki. Na kama diski ya zamani imeanza kufa, inakwama au inatoa sauti ya kugonga, usiikloni kwa njia ya kawaida. Programu ya ddrescue huchukua kwanza maeneo mazima, kisha ndipo inarudi kwenye yale mabovu, na kwa diski ambayo pengine imebakiza saa chache mpangilio huo ndio tofauti kati ya kuokoa mengi na kuokoa machache.

Kompyuta ikiwa nzima, mimi hukloni. Ikiwa ina virusi au imejaa makosa ya miaka, naweka Windows upya na kunakili nyaraka peke yake, kwa sababu kloni haichagui: ugonjwa nao unahama.

Ile diski yangu ya kwanza nilijaribu kuiokoa. Niliitengenezea patisheni ya kuwashia, nikatumia amri ya bcdboot, ambayo huziandika upya faili za kuwashia na daftari la BCD. Bootmgfw iliamka, lakini Windows haikuanza: kila nilipowasha ikaja skrini ya kosa, tena na tena. Mlango ulikuwa umepatikana, lakini ndani rejista haikuwepo na ruhusa zilikuwa za folda nyingine. Niliifuta yote, nikairudisha diski ya zamani ndani, na safari hii nikakloni.