Uandishi wa hisia ni nini, na unamfaaje mwanafunzi wa uuguzi?

Uandishi wa hisia ni kuandika kwa muda mfupi, bila kuinua kalamu, juu ya jambo linalokukaa rohoni. Unaandika lilivyotokea na lilivyokugusa, vyote viwili pamoja. Dakika 15 hadi 20 kwa siku, siku tatu au nne mfululizo, basi. Hakuna wa kusoma wala wa kusahihisha, na makosa ya tahajia si hoja. Ukimaliza, karatasi unaweza kuitunza, kuichana au kuichoma, maana kazi yake imefanyika pale pale ulipokuwa ukiandika.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi 46 wa chuo kikuu mjini Dallas, Marekani. Kila mmoja aliandika dakika 15 kwa siku nne. Kuna waliopewa mada nyepesi, kama kueleza chumba chao kilivyo. Wengine waliambiwa waandike tukio lililowaumiza kuliko yote maishani, nao wakagawanywa: hawa waeleze tukio tupu, hawa hisia tupu, na hawa wachanganye. Papo hapo walioandika machungu walitoka wamenyong'onyea zaidi kuliko walivyoingia. Lakini katika miezi sita iliyofuata, wale waliochanganya tukio na hisia walionekana kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye Pennebaker, safari hii akiwa na Janice Kiecolt-Glaser na Ronald Glaser, alipima damu za wanafunzi walioandika kwa namna hiyo, na chembe za kinga za walioandika machungu zikaonekana kuitikia vizuri zaidi zilipochokozwa maabara.

Sasa tuje wodini. Mwanafunzi wa uuguzi hana shida ya kukosa cha kuandika. Akiwa fildi anaandika kutwa: joto na mapigo ya moyo, chati ya maji yanayoingia na kutoka, mpango wa huduma, ripoti ya kukabidhi zamu, na kile kitabu cha mazoezi ambacho kila ukurasa unasubiri saini ya sista. Maandishi yote hayo yana sharti moja, nalo ni kwamba yeye mwenyewe asionekane ndani yake. "Mgonjwa amefariki saa 8:40 usiku. Daktari wa zamu amejulishwa. Mwili umehudumiwa na kupelekwa mochwari." Ndivyo inavyotakiwa, na jalada la mgonjwa si mahali pa kulilia. Ila aliyemfunga marehemu taya kwa bendeji, akaandika jina lake kwenye plasta na kuibandika kifuani, ni kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kugusa maiti. Asubuhi anakabidhi zamu, anakunywa chai ya rangi, anadandia daladala, na mchana ana kipindi cha famakolojia.

Tuseme wiki kadhaa baadaye, jioni moja, anachukua karatasi na kuandika hivi:

"Saa sita aliniuliza kama mvua bado inanyesha. Nikamwambia inanyesha. Saa nane nilipofika kitandani mkono ulikuwa wa baridi, nikajua, lakini nikamfunga mashine ya presha hivyo hivyo. Ikakataa kusoma. Nikafunga tena. Sista akaniambia acha, mwanangu. Nina hasira naye na hakunikosea chochote. Nadhani nina hasira kwa sababu yeye alijua, na mimi sikutaka kujua. Halafu nafikiria ile mvua. Sijui kwa nini nafikiria mvua."

Jalada na karatasi hii vinaeleza usiku mmoja, ila kwenye karatasi mwandishi amerudi ndani ya habari yake mwenyewe. Tazama pia maneno "nadhani" na "kwa sababu". Pennebaker na wenzake walipokuja kuhesabu maneno kwa kompyuta, waliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao siku hadi siku waliongeza maneno ya kutafuta sababu na ya kuelewa. Aliyeanza na vipande vipande akaviunga kadiri alivyoandika alipata nafuu kuliko aliyekuja na hadithi iliyokwisha kupangwa. Kwa hiyo kurudia "nimechoka, nimechoka" kurasa nne hakusaidii sana, ingawa siku ya kwanza ni ruksa kabisa.

Hapa wengi huchanganya uandishi huu na ile tafakuri ambayo wakufunzi huwataka wanafunzi waandike baada ya mazoezi ya vitendo. Tafakuri hiyo mara nyingi hufuata mzunguko wa mtaalamu wa elimu Graham Gibbs wa mwaka 1988: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango wa baadaye. Ni nyenzo nzuri ya kujifunzia kazi. Lakini inasomwa na inapewa alama, na mwanafunzi si mjinga. Anaandika, "Nilijisikia vibaya lakini nimejifunza umuhimu wa mawasiliano mazuri na mgonjwa." Sidhani kama kuna mkufunzi ambaye hajaisoma sentensi hiyo, na pengine ameisoma kwenye makaratasi thelathini ya darasa moja. Ndiyo maana naona chuo kitakachoanzisha uandishi wa hisia halafu kikakusanya madaftari kitakuwa kimeuua siku hiyo hiyo. Kiwape vijana muda na chumba kimya, kisha kiwaache.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo kitamuumbua. Wengi huielewa methali hii kwamba lazima umweleze mtu. Uandishi wa hisia unalegeza sharti hilo kidogo: la moyoni linatoka, lakini siri inabaki kwako. Kwa mwanafunzi anayeogopa kuitwa dhaifu mbele ya wenzake wa fildi, nafasi hiyo si ndogo.

Na uandike kwa lugha gani? Masomo ya uuguzi Tanzania na Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na ripoti za wodini hujaa vifupisho vyake. Huku achana navyo. Andika Kiswahili, Kisukuma, Kiluo au mchanganyiko wowote unaotoka wenyewe. Maneno yakikauka kabla dakika hazijaisha, rudia sentensi ya mwisho mpaka nyingine ije.

Hosteli nayo ina mambo yake. Chumba mna watu wanne, mwenzako akikuta daftari juu ya kitanda atalifungua, hata kama ni rafiki. Karatasi ya kuchana ni salama kuliko daftari, na daftari ni salama kuliko simu ambayo kila mtu huiazima. Jina la mgonjwa, namba ya jalada au kitanda visitokee popote. Siri ya mgonjwa haikomi unapotoka getini, na tena Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kuweka machungu ya zamu kwenye "status" ya WhatsApp si uandishi wa hisia, kwa sababu pale unawaandikia watazamaji.

Kuna matumizi mengine mafupi yanayofaa msimu wa mitihani. Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha katika jarida la Science kwamba wanafunzi wenye hofu kubwa ya mtihani walifanya vizuri zaidi walipopewa dakika 10, muda mfupi kabla ya kuanza, waandike wazi kinachowatisha. Maelezo yao ni kwamba hofu hula nafasi ya akili inayotakiwa kufanya kazi, na kuiandika huipunguzia nguvu. Anayesubiri kuingia kwenye mtihani wa vitendo, ambako kituo kimoja ni kuweka katheta (mpira wa mkojo) na kinachofuata ni kumhudumia mtoto asiyepumua, anaweza kuijaribu nje ya mlango, nyuma ya karatasi yoyote.

Lakini tusiipambe dawa hii kupita kiasi. Mtafiti Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 mwaka 2006 na kukuta kwamba faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Wengine hawaoni tofauti yoyote. Na kama wodi ina wagonjwa arobaini na muuguzi mmoja anayewategemea wanafunzi kama wafanyakazi, hakuna kiasi cha karatasi kitakachoongeza muuguzi wa pili. Wakati mwingine ukiandika siku tatu unagundua kwamba ulichoita stresi ni lalamiko halali, na mahali pake ni mezani kwa msimamizi wa mafunzo, likiwa na tarehe na maelezo.

Yapo pia mambo ambayo hayangoji kalamu. Umejichoma sindano iliyotumika: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, toa taarifa hapo hapo, uanze dawa za kuzuia maambukizi ya VVU mapema iwezekanavyo, kwa maana baada ya saa 72 muda wake umepita. Kuandika kutafuata baadaye. Tukio zito la jana usiku nalo liache lipoe kwanza, hata wiki kadhaa, kabla ya kulichimba. Ukihisi mada fulani itakuzidi nguvu, iruke, andika nyingine. Ikiwa hulali, tukio linakurudia kila ukifumba macho, au umeanza kufikiria kujidhuru, weka kalamu chini, umtafute mshauri wa wanafunzi au kliniki ya afya ya akili ya hospitali hiyo hiyo unayofanyia mazoezi, leo hii.