“Kwani wewe mnajimu?” Dhana potofu anazokutana nazo mwandishi wa hadithi za anga

Shangazi yangu aliposikia kwamba naandika mambo ya nyota, alinivuta kando kwenye harusi ya binamu yangu akaninong'oneza tarehe ya kuzaliwa ya kitindamimba wake. “Hebu mtazamie, mwanangu. Mwaka wa tatu huu hapati kazi.” Nikamwambia mimi si mnajimu. Akanitazama kama mtu anayenyimwa dawa iliyoko kabatini. “Sasa hizo nyota unazifuatilia za nini?”

Simlaumu. Neno lenyewe “mnajimu” limebeba mizigo miwili tangu zamani: anayepima mwendo wa nyota na anayezisomea bahati za watu. Ila kazi ni mbili, na moja tu ndiyo yenye hesabu unayoweza kuihakiki. Shangazi anasema mwanawe ni nyota ya Nge. Katikati ya Nge kuna nyota nyekundu ambayo Waarabu waliiita Kalbul Akrab, moyo wa nge. Kwa makadirio, nuru yake husafiri takriban miaka 550 kabla ya kutufikia, na nuru ya kwetu huchukua muda uleule kufika huko. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Kwa hesabu hiyo, nyota ile bado haijapata hata habari za Mreno, seuze za binamu yangu na bahasha zake za maombi ya kazi.

Dhana ya pili huniudhi zaidi, kwa sababu huja na tabasamu: kwamba anga ni mambo ya Wazungu, na Mswahili anayeandika habari zake anaiga. Anayesema hivyo hajafika Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Pale baharini yalisimamishwa majukwaa ya chuma ya mradi wa Waitaliano, San Marco, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 satelaiti zilirushwa kutoka hapo. Mahali hapakuchaguliwa kwa sababu ya madafu. Dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa kwenye ikweta, na roketi inayorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka pale satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ya kwanza ya aina yake duniani. Ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake viliwasaidia wanasayansi kuitambua Cygnus X-1, ambayo leo hutajwa kama shimo jeusi la kwanza kujulikana, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haichomoki. Vitabu vya falaki vya dunia nzima vina neno la Kiswahili ndani yake, nasi ndio tunaosema hayatuhusu.

Na wanaodai Kiswahili hakina msamiati, wasome tu majina ya sayari kuanzia juani: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Wakulima wa pwani walikuwa na Kilimia chao, jina linalotokana na kulima, kundi la nyota lililowaambia majira. Tuyaache hayo.

Sasa nije kwenye utanzu, maana hapa ndipo hata wasomi wenzangu huteleza. Wanadhani mtu akipenda anga, moja kwa moja ataandika hadithi za kisayansi, kama vile mtoto wa mvuvi atakavyovua. Si kweli. Niliyapenda mashairi kwanza, nikaandika beti za mwezi kama kila mtu. Nikajaribu ngano za majini wanaoishi kwenye Zuhura. Pia wanadhani hadithi ya kisayansi ni kuwakimbia wa nyumbani, kwamba mwandishi anapanda roketi ili asiandike habari za rushwa na njaa. Mwandishi Mkenya Katama Mkangi aliwajibu mwaka 1995 kwa riwaya ambayo jina lake ni jibu tosha: *Walenisi*. Lisome polepole. Wale ni sisi. Dzombo anapakiwa kwenye chombo kirukacho, anaibukia ulimwengu mwingine, na msomaji anajikuta akiukagua mtaa wake mwenyewe.

Kilichonitoa kwenye ngano na kunitia kwenye hadithi za kisayansi hakikuwa roketi. Ilikuwa salamu. Jini wa ngano akiitwa kutoka Zuhura, hujibu papo hapo. Lakini mawimbi ya redio hayavuki kasi ya nuru, na kati yetu na Mirihi sauti huchukua dakika 3 sayari zinapokaribiana sana, hadi dakika 22 zinapotengana kabisa. Chukua dakika 20, kwenda tu. Mama yuko Malindi, mwanawe yuko Mirihi.

“Hujambo mwanangu?”

Dakika 40 ndipo asikie “Sijambo mama, shikamoo.” Habari za huko? Dakika 40 nyingine. Afya je? Unakula? Kazi inaendeleaje? Maswali matano, saa tatu na dakika 20, na bado hawajafika kwenye jambo lenyewe, kwamba baba amefariki. Ngano isingenipa uchungu huo. Nilihitaji utanzu ambao mwandishi mwenyewe amefungwa mikono na sheria za maumbile, hawezi kumwonea huruma mhusika wake kwa kutoa jini mfukoni.

Sheria hizo zinauma, lakini. Katika hadithi yangu ya kwanza chombo kililipuka angani kwa kishindo kikubwa, nikajisifu kwa tanakali za sauti nilizozipanga. Mwalimu mmoja wa fizikia akanirudishia ukurasa ukiwa na duara jekundu: sauti inahitaji hewa au kitu cha kupitia, na kule hakuna. Chini yake akazungushia duara la pili. Nilikuwa nimeandika kwamba wanaanga huelea kituoni kwa kuwa hakuna mvutano wa Dunia. Kumbe kituo cha kimataifa cha anga kiko kama kilomita 400 tu juu yetu, na mvutano pale ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka pamoja na kituo chao, kikienda kwa kasi kiasi kwamba kila kikianguka Dunia inapinda chini yake. Embe lililomo kwenye kikapu kilichodondoka mtini halikilemei kikapu. Vyote vinaporomoka sawia.

Kuna pia wanaotaka niwatabirie, shangazi wa aina nyingine hao. Humtaja Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza wa hadithi za kisayansi, eti hadithi zake ndizo zilizobashiri satelaiti za mawasiliano. Hoja hiyo aliitoa mwaka 1945 katika makala ya kiufundi, kwenye jarida la mambo ya redio, akiwa na hesabu zake. Haikuwa hadithi.

Ile ya mama na mwana ilinikwama miezi. Ningewezaje kuwafanya wazungumze bila msomaji kusinzia? Nikaileta kama kichekesho kwa shangazi, siku nyingine, akipepeta mchele. Hakucheka.

“Kwani sisi kabla ya simu tulikuwa tukifanyaje? Si barua. Unasalimu, unajijibia, unaeleza yako yote, unafunga.”

Akapuliza makapi. Usiku ule nikafuta mazungumzo yote, na mama wa hadithi yangu akakaa mbele ya kinasa sauti akaanza: Mwanangu mpendwa, salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.