TBC1 kwenye simu: kwa nini bando linaisha na goli linachelewa

Wanaotazama televisheni ya umma kwa simu wana malalamiko mawili ambayo hayaishi. Bando linayeyuka kabla ya kipenga cha mwisho, na jirani anashangilia goli wakati mpira kwenye simu yako bado uko katikati ya uwanja. Chanzo cha yote mawili ni kimoja.

Mnara wa matangazo hurusha mawimbi mara moja tu, kama muadhini anayeadhini mara moja na mtaa mzima ukasikia. Wanaotazama TBC1, chaneli ya taifa ya Tanzania, kwa antena na king'amuzi, wawe kumi au milioni moja, wanapokea mawimbi yale yale, na mnara hauna habari wako wangapi. Mtandaoni mambo ni tofauti. Kila simu huagiza nakala yake kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayotuma matangazo, na nakala hiyo hupita kwenye mtandao wa kampuni yako ya simu hadi mkononi mwako. Hata yakiitwa mbashara, matangazo hayo yanapakuliwa, na kila kinachopakuliwa kinakatwa kwenye bando.

Kiasi kinachokatwa unaweza kukipigia hesabu mwenyewe. Video inayokuja kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde (megabiti 8 ni sawa na MB 1) hula takriban MB 450 kwa saa, na picha yake inatosha kabisa kwenye kioo cha simu. Ikija kwa megabiti 5, kiwango ambacho ni cha kawaida kwa picha ang'avu ya HD, inapita GB 2 kwa saa. Chukua mechi ya dakika 90 pamoja na mapumziko ya dakika 15, bila kuhesabu dakika za nyongeza: kwa kiwango cha kwanza ni kama MB 790, kwa cha pili ni karibu GB 4. Mechi ni ile ile na kioo ni kile kile.

Shida ni kwamba simu haikuulizi. Hupima kasi ya mtandao kila baada ya muda mfupi, na ikiona njia ni nyeupe hupandisha ubora wa picha yenyewe. Kwenye YouTube, ambako TBC na KBC ya Kenya hurusha matangazo yao, fungua mipangilio ya video na uchague ubora mwenyewe. Namba ikiwa ndogo, picha huwa hafifu na bando huliwa kidogo: 360p au 480p inafaa kwa mechi. Kwa hotuba au mjadala wa watu waliokaa mezani shuka hadi 144p. Hapo unasikiliza zaidi kuliko unavyotazama, na sijaona haja ya kulipia ung'avu wa tai ya mtu.

Kuhusu kuchelewa, wengi hudhani dawa ni kununua bando kubwa zaidi. Haisaidii. Picha ikitoka studio hubanwa ili iwe nyepesi, kisha hukatwa vipande vya sekunde chache, mara nyingi kati ya 2 na 10. Seva haitumi kipande mpaka kikamilike. Simu nayo hujiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, ili mtandao ukiyumba kidogo picha isigande. Ukijumlisha hatua hizo unajikuta nyuma ya uwanja kwa sekunde 20, 30 au zaidi, wakati jirani mwenye antena amechelewa kwa sekunde chache tu. Ukisimamisha video upokee simu, ukirudi unaendelea pale ulipoachia, hivyo gusa alama ya mbashara ikurudishe mbele. Kwa maoni yangu akiba hiyo ina thamani kuliko haraka: bora goli lichelewe nusu dakika kuliko picha igande mpigaji akiwa anaiendea penalti. Anayeogopa kuharibiwa utamu azime arifa za makundi ya WhatsApp.

Kuna wakati matangazo huzuiwa kwa makusudi. Haki za kuonyesha mechi huuzwa kwa nchi au eneo, na kwa kuwa kila simu huomba nakala yake, seva huona ombi limetoka nchi gani. Ndiyo maana Mtanzania aliyeko Muscat anaweza kutazama taarifa ya habari ya nyumbani vizuri, kisha ikifika mechi akakuta bango tu. Hali hii haiko kwetu pekee. Huduma ya BBC ya kutazama mtandaoni, iPlayer, iliyozinduliwa Desemba 2007, ni ya watazamaji walio Uingereza, na wao wenyewe hutakiwa kuwa na leseni ya televisheni. NHK World-Japan, chaneli ya shirika la utangazaji la umma la Japani kwa ajili ya watazamaji wa nje ya nchi hiyo, kwa kawaida haiwawekei kizuizi.

Kizuizi hicho ndicho kinachowaneemesha matapeli. Siku za mechi kubwa huzuka kurasa zenye jina na nembo ya chaneli ya taifa, zikidai namba ya kadi ya benki, namba ya siri ya pesa za simu, au usakinishe programu kutoka nje ya duka rasmi la simu yako. Anzia kwenye tovuti rasmi ya shirika husika na ufuate viungo vyake kwenda YouTube. Chaneli halisi huwa na video za miaka iliyopita, wakati ya tapeli mara nyingi imefunguliwa wiki hii. Ukiambiwa utume kiungo kwa watu kadhaa ndipo mechi ifunguke, funga ukurasa huo, na waliokutumia uwaambie.