Bima ya sinagogi: si madhabahu, na si ya gari

Jukwaa la kusomea Torati katika sinagogi huitwa bima, jina ambalo kwetu linaleta picha ya ajali na fidia. Wayahudi wa Ulaya ya kati waliliita pia almemar, na hilo ni al-minbar ya Kiarabu, ndugu wa mimbari yetu. Undugu huo ndio unaotupoteza.

Dhana: Ni mimbari ya rabi kuhubiria.
Ukweli: Ni mahali pa kusomea. Asubuhi ya Sabato huitwa watu saba mmoja mmoja, nao ni waumini wa kawaida; kijana wa miaka 13 naye huitwa. Gombo la ngozi hufunuliwa mezani, na msomaji hufuata mistari kwa kijiti chenye mkono mdogo nchani, kwa kuwa ngozi haiguswi kwa kidole. Maandishi yenyewe hayana irabu, nukta wala alama za lahani, hivyo lazima awe amejiandaa nyumbani. Akikosea neno likabadili maana, wanaosimama kando yake humrudisha papo hapo, hata akiwa rabi.

Dhana: Ni madhabahu.
Ukweli: Dhabihu zilikoma Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Ila aliyedhani hivyo simcheki: katika Sikukuu ya Vibanda waumini huizunguka bima wakiwa na makuti ya mtende, kama madhabahu ilivyozungukwa Hekaluni.

Dhana: Lazima iwe mbele, kama kanisani.
Ukweli: Mbele, upande wa Yerusalemu (waweza kusema kibla chao), hukaa kabati la magombo. Bima kwa desturi ilikuwa katikati, na Maimonides, mwanasheria wa karne ya 12 aliyeishi Misri, alitaja sababu: wote wasikie. Sinagogi kongwe la Prague, la karne ya 13, bado ina bima yake katikati, kati ya nguzo mbili, imezungushiwa wavu wa chuma. Sinagogi ya Wareno ya Amsterdam, ya 1675, imeiweka mwisho kabisa wa ukumbi, ikitazamana na kabati.

Kuisogeza mbele kulishika kasi karne ya 19, wanamageuzi wa Ujerumani walipopanga viti vyote vitazame upande mmoja. Wahafidhina waliwaka. Mwaka 1865 marabi waliokutana Michalovce, wakati huo ikiwa Hungaria, walikataza hata kusali katika sinagogi ambayo bima yake haiko katikati. Ugomvi mkubwa kwa ajili ya jukwaa la mbao? Soma Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, kuhusu sinagogi kuu ya Aleksandria: bima ilikuwa katikati, lakini ukumbi ulikuwa mkubwa mno hata sauti haikufika pembeni, ikabidi mtu asimame juu yake na kitambaa, akipunge ili wa mbali wajue sasa ni wakati wa kuitikia amina.